Mzee Ugenini na Muhuri wa Serikali

Wakaaji wa Uvira, Kavimvira, Kiliba na Makobola hawahitaji kuelezwa kwa maneno mengi jambo tunalotaka kusema leo, kwa kuwa waliona kila siku. Mzee amemaliza kazi yake katika nchi moja, naye amekuja kupumzika katika nchi nyingine, kwa mtoto wake. Hakuja kumdhulumu mtu. Ataka tu kiti chini ya mwembe, chakula cha jioni, na wajukuu karibu naye. Lakini serikali yamwambia: Wewe ni mgeni, fika ofisini, onyesha karatasi zako, upigiwe muhuri, na tarehe ikiisha urudi tena. Naye mzee ajiuliza moyoni: Je, sheria hii yanifunga katika dhamiri? Nikiikwepa, nimetenda dhambi? Na nikisema uwongo mdogo ili niachwe kwa amani, nimemdhuru nani?

Wengine hucheka wakisikia swali hili. Husema kwamba mambo ya mihuri ni ya makarani, si ya dhamiri. Sisi hatucheki. Mtu aweza kuishi miaka 70 bila kuiba wala kumsingizia jirani, kisha akaanza kusema uwongo katika uzee wake, mbele ya meza ya ofisi, kwa sababu ya karatasi. Basi tulichunguze jambo hili polepole.

Tuwaze mzee mmoja. Hatumpi jina, maana si mtu mmoja, ni wengi. Alizaliwa mwaka 1950 karibu na Usumbura, mji ambao leo twauita Bujumbura. Alikuwa seremala wa mshahara kwa miaka mingi, akapata pensheni yake ndogo. Mkewe alipofariki, binti yake aliyeolewa Uvira alimwambia, "Baba, hutakaa peke yako. Njoo kwetu." Akaja. Kutoka Bujumbura mpaka Uvira ni safari ya kilometa kama 30 tu. Alipita Gatumba, akaonyesha karatasi yake. Akafika Kavimvira, akaionyesha tena, ikapigwa muhuri. Jioni ile ile alikuwa mezani kwa binti yake.

Mzee huyu haoni kama amekwenda ng'ambo. Ziwa ni lile lile. Ndagala wanaovuliwa huku na ndagala wanaovuliwa kule ni wale wale. Kiswahili cha Buyenzi na Kiswahili cha Uvira vyaelewana bila mkalimani. Tena yeye alizaliwa wakati Wabelgiji walipotawala pande zote mbili. Tangu 1925 Ruanda-Urundi ilikuwa imeunganishwa na Kongo kwa utawala. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na Burundi tarehe 1 Julai 1962. Hapo mstari uliokuwa wa utawala ukawa mpaka wa nchi mbili, na wajomba wakawa wageni.

Siku moja jirani alimjia akamwambia, "Mzee, kwa nini wajisumbua? Watakapokuja tena kuandika wapiga kura, sema tu kwamba ulizaliwa Makobola. Utapewa kadi, na hakuna atakayekuuliza tena." Wasomaji wetu wajua ya kuwa katika Kongo kadi ya mpiga kura imetumika tangu 2005 badala ya kitambulisho. Aliye na kadi hiyo hupita. Asiye nayo huulizwa. Mzee alinyamaza. Hakusema ndiyo, wala hakusema hapana.

Katika kunyamaza kwake alikuwa na hoja tatu, nazo si hoja za mjinga.

Hoja ya kwanza: mpaka huu haukuwekwa na sisi. Uliwekwa na watu wa mbali ambao hawakujua nani ameoa kwa nani. Mbona unifunge mimi?

Hoja ya pili: sheria hii yanitesa. Miguu yauma, nauli ni ghali, mstari ni mrefu, na mara nyingine fedha zadaiwa bila stakabadhi. Sheria inayomtesa mzee, je, ni sheria kweli?

Hoja ya tatu: hakuna anayedhurika. Sili cha mtu. Binti yangu anilisha. Uwongo wangu utamnyima nani haki yake?

Tujibu hoja ya kwanza. Ni kweli mpaka uliwekwa na wengine. Lakini mashamba mengi pia yaligawanywa na watu waliokufa zamani, nasi hatung'oi alama za jirani kwa sababu hatukuwako siku ya kuzipanda. Umoja wa Afrika wa zamani, katika mkutano wake wa Cairo mwaka 1964, uliamua kuiheshimu mipaka ile iliyokutwa siku ya uhuru. Haukufanya hivyo kwa kuipenda, bali kwa kuogopa damu ambayo ingemwagika kama kila mtu angetaka kuichora upya. Haya ni maneno ya busara kwetu tunaokaa kando ya Rusizi. Mpaka waweza kuwa na asili mbaya, na hata hivyo amani ya leo ikautegemea. Tena njia ya kuulainisha ipo. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kongo mwaka 2022, ili watu na mali wapite kwa wepesi zaidi. Lakini kupita ni jambo moja, na kukaa ni jambo lingine. Kukaa bado kwafuata sheria ya kila nchi.

Wala mzee wetu asidhani kwamba ameonewa peke yake. Nchini Thailand wako wazee wengi kutoka Ulaya na Marekani waliokwenda kumalizia siku zao huko. Nao, pamoja na utajiri wao, hutakiwa kuonyesha kwamba wana fedha za kujitunza, huomba upya ruhusa yao kila mwaka, na kila siku 90 huwajibika kuijulisha serikali mahali wanapokaa. Mzee wa Uvira mwenye fimbo na mzee wa Ulaya mwenye akiba benki, wote wawili huhesabu siku kwenye kalenda. Ugeni hauchagui tajiri wala maskini.

Kwa hoja ya pili yatupasa kutofautisha. Walimu wa maadili wamefundisha tangu zamani kwamba sheria ya haki ni agizo la akili kwa faida ya wote, lililotolewa na mwenye mamlaka na kutangazwa. Kujua nani anakaa nchini ni faida ya wote. Baba mwenye nyumba aweza kuuliza nani amelala chini ya paa lake, na hakuna anayemwita mkatili kwa kuuliza. Kwa hiyo sheria ya kujiandikisha, yenyewe, ni ya haki, nayo yaifunga dhamiri. Lakini karani anayeongeza ada isiyo na stakabadhi hatoi sheria, aiba. Mzee hana deni la dhamiri kwa mwizi. Ana deni kwa sheria tu. Tena hakuna sheria inayomfunga mtu kwa jambo lisilowezekana. Mzee aliyelazwa kwa homa siku ya tarehe yake, au ambaye barabara ilikatwa na mvua, hana dhambi kwa kuchelewa. Mwaka 2020 mito iliposhuka kutoka milimani na kubomoa nyumba nyingi za Uvira, na maji yalipoingia Gatumba, nani angemlaumu mzee kwa muhuri uliokwisha? Atakapopona, au njia itakapofunguka, aende akaseme ukweli: nimechelewa kwa sababu hii.

Sasa hoja ya tatu, nayo ndiyo nzito kuliko zote. Mzee asema uwongo wake haumdhuru mtu. Hapa twamwomba atutazame machoni, maana yeye amekaa katika nchi hii na amesikia yaliyosikika. Katika Kivu ya Kusini neno hili, "nani ni mwenyeji na nani ni mgeni," halijawa neno la makaratasi tu. Watu wamefukuzwa kwa ajili yake. Watu wamekufa kwa ajili yake. Wako majirani zetu ambao babu zao wamezikwa katika ardhi hii, na bado kila vita inapokuja huambiwa, "Kadi yako ni ya uwongo." Basi kila kadi ya uwongo inayotolewa kweli humpa mshtaki fimbo ya kuwapigia wenye kadi za haki. Mzee aliyesema "Nilizaliwa Makobola" hakuiba nyanya za mtu sokoni. Ameiba sehemu ya imani ambayo jirani yake aliihitaji ili aaminiwe. Madhara hayo hayaonekani siku ile. Huonekana miaka kumi baadaye, kwa mtu asiyemjua.

Kisha ajidhuru mwenyewe. Katiba ya Kongo ya 2006 yasema kwamba uraia wa Kongo ni mmoja, hauchanganywi na mwingine. Mtu akijiandikisha kuwa Mkongo, amekana kwa kinywa chake kuwa Mrundi. Naye siku ya kupokea pensheni yake Bujumbura atasema tena kwamba ni Mrundi. Huku hili, kule lile. Hatimaye hakuna ofisi hata moja duniani ambamo aweza kusimama na kusema neno moja la kweli juu yake mwenyewe bila kuogopa. Je, huu ndio mapumziko aliyoyatafuta?

Msomaji aweza kutuuliza: Na wale waliokimbia? Walipiga muhuri gani? Swali ni la haki. Mwezi wa Februari 2025, vita iliposhuka katika bonde la Rusizi baada ya Bukavu kutekwa, makumi ya maelfu ya watu walivuka kwenda Burundi, wengine wakikata mto kwa miguu na kwa vyombo vya kuelea, na wazee wakibebwa mgongoni. Wengi walijaa katika uwanja wa mpira wa Rugombo. Hao hawakutenda kosa lo lote. Anayekimbia kifo hapangi mstari. Hata sheria za mataifa zakubali hivyo. Mapatano ya Geneva ya mwaka 1951 yakataza kumwadhibu mkimbizi kwa sababu ya kuingia bila karatasi, maadam ajitokeze upesi mbele ya wakubwa na kueleza sababu yake. Tazama hekima yake: haimdai mkimbizi muhuri, yamdai ukweli, tena upesi. Nayo Kongo, kwa sheria yake ya mwaka 2002 juu ya wakimbizi, ina njia ya kuwapokea. Wengi wa Burundi waliofika tangu 2015 waliandikwa na kukaa Lusenda, upande wa Fizi.

Basi tuna mambo matatu yasiyofanana, nayo tusiyachanganye. Kukimbia bila karatasi si dhambi. Kushindwa kutimiza tarehe kwa sababu ya kweli si dhambi. Kusema uwongo juu ya wewe ni nani ili usisumbuliwe ni dhambi, hata kama miguu yauma.

Lakini tungekuwa wanafiki kama tungemwekea mzee mzigo huu peke yake, kisha tukaenda zetu. Ukweli wa mzee wadai haki kutoka kwa wengine.

Kwanza, kwa karani. Muhuri ulio mezani pako si mali yako. Ni wa nchi, nawe umeshikishwa tu. Mzee akifika, mpe kiti. Mwambie bei iliyo katika sheria, umpe na stakabadhi. Usimrudishe kesho kwa kosa ambalo ungeweza kumwonyesha leo. Kumbuka kwamba mzee aliyesema kweli akateswa, na mwenzake aliyesema uwongo akapita salama, wote wawili watawafundisha wajukuu zao somo moja, na mwalimu wa somo hilo ni wewe.

Pili, kwa serikali zenyewe. Ukarimu unaokawia waweza kuumiza. Warundi wengi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipokelewa Tanzania, wakakaa Katumba, Ulyankulu na Mishamo. Mwaka 2007 serikali ya Tanzania iliwapa hiari ya kurudi kwao au kuomba uraia, na watu zaidi ya 160,000 wakakubaliwa. Lilikuwa tendo kubwa ambalo dunia ililisifu. Lakini uraia ulikubaliwa kufikia 2010, na vyeti vikaanza kugawiwa mwaka 2014 tu. Miaka hiyo yote watu walikuwa wameacha uraia wa kwanza, na wa pili hawajaushika mkononi. Kwa kijana miaka minne ni kungoja. Kwa mzee yaweza kuwa ndiyo maisha yaliyobaki.

Tatu, kwa watoto. Binti anayemwita baba yake ugenini amejitwika pia karatasi zake. Iandikeni tarehe ya muhuri ukutani, mahali mnapoandika tarehe za karo. Mmoja wenu afuatane naye mpaka ofisini, asimame mstarini badala yake, amwite zamu ikifika. Tena kuna jambo lingine la aibu ambalo hatuna budi kulitaja. Mashirika ya pensheni ya nchi nyingi, Ubelgiji ni mojawapo, humtaka mstaafu anayekaa ng'ambo alete cheti cha kuonyesha kwamba bado yu hai. Wazee wengine huchukizwa: "Je, nimekuwa maiti hata nithibitishe uhai wangu?" Lakini desturi hii haikuja bure. Wako watoto waliomzika baba yao kimya, wakaendelea kula pensheni yake. Fedha hiyo imetoka katika mfuko wa wazee wengine walio hai. Anayemfanya baba yake aishi katika makaratasi ili ale jasho lake, hamheshimu baba, amtumia.

Nne, kwa jirani. Yule aliyemwambia mzee adanganye alidhani amemsaidia. Msaada wa kweli ungekuwa kumpeleka ofisini kwa baiskeli yake au kwa pikipiki, kumsomea karatasi iliyoandikwa Kifaransa, na kusema mbele ya chifu wa mtaa, "Mzee huyu twamfahamu. Ni mgeni wetu, na ni mtu mwema." Neno hilo la jirani lina nguvu kuliko kadi ya uwongo, kwa kuwa halihitaji kufichwa.

Je, ni aibu kuwa mgeni katika uzee? Ufuko huu wetu umeona wazee wageni ambao hatuwezi kuwasahau. Masista watatu Wasaveri kutoka Italia, Olga Raschietti, Lucia Pulici na Bernardetta Boggian, waliouawa Kamenge, Bujumbura, mwezi Septemba 2014, walikuwa wazee wa zaidi ya miaka 70. Walikuwa wametumika Kongo miaka mingi kabla ya kuvuka kwenda Burundi. Wangeweza kupumzika kwao. Walichagua kurudi mahali ambapo walikuwa wageni, nao walizikwa Bukavu. Hakuna mtu huku anayewakumbuka kwa aibu ya ugeni.

Na tukifungua Kitabu Kitakatifu twaona safari mbili za mtu mmoja. Abrahamu, alipokuwa angali na nguvu, aliingia Misri wakati wa njaa. Akaogopa, akasema kwamba Sara ni dada yake. Huo ulikuwa uwongo wa mpakani hasa: neno dogo la kujiokoa. Nao uliwaletea taabu wenyeji waliompokea, hata Farao akamkemea na kumtoa katika nchi. Miaka mingi ikapita. Sara akafa, na Abrahamu, sasa mzee sana, hakuwa hata na shimo la kumzika. Akaenda mbele ya Wahiti waliokuwa wenyeji, wala hakujisingizia ukoo wao. Alikiri waziwazi kwamba yeye ni mgeni anayekaa kwao tu, akaomba kununua mahali pa kaburi. Nao wakamheshimu. Alipima shekeli 400 za fedha mbele ya mashahidi, shamba la Makpela likawa lake kwa haki, na hapo ndipo alipozikwa yeye mwenyewe baadaye.

Abrahamu wa safari ya Misri alidhani uwongo utamlinda. Mzee Abrahamu alijua kwamba mgeni aliyejulikana kuwa mgeni ana mahali pa kusimama, na hata mahali pa kulala mauti.

Turudi basi kwa mzee wetu chini ya mwembe. Yule jirani atakuja tena, kwa kuwa watu wa namna ile hurudi. Twatumaini safari hii hatanyamaza. Atasema, "Mwanangu, asante. Mimi ni Mrundi, nakaa kwa binti yangu Uvira, nao wananijua. Kama wataka kunisaidia, nipeleke Jumatatu, maana tarehe yangu ya kwenda ofisini ni siku hiyo." Naye karani atakapochukua karatasi yake na kuipiga muhuri, asione kwamba ameandika wino tu. Mzee amemwambia ukweli, na kwa muhuri ule nchi nayo imempa neno lake kwamba aweza kukaa. Pande zote mbili zilishike neno hilo.